Noti ya Chini Kwanza: Hotuba kwa Wapiga Besi Wanaotumia Multiefekti

Ndugu wapiga besi, mafundi sauti mliokubali kukaa nasi, na wapiga drams ambao mguu wenu wa kiki ndio mwenza wetu wa kila siku: karibuni, na asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga na kutumia multiefekti, yaani kifaa kimoja cha mguuni chenye efekti nyingi ndani yake, kwenye gitaa la besi. Jambo langu kubwa ni moja na nitalisema sasa hivi, ili hata anayelazimika kutoka mapema aondoke nalo. Kabla hujaongeza efekti yoyote, hakikisha noti ya chini inabaki. Maamuzi mengine yote, efekti ipi itangulie, swichi ipi ukanyage na lini, yanatoka hapo. Mpiga solo akipoteza masafa ya chini, yaani sauti nzito, kwenye gitaa lake, hakuna atakayegutuka. Pengine fundi sauti atashukuru. Sisi tukiyapoteza, mwimbaji anageuka kutazama, mpiga drams anaanza kupiga kwa nguvu zaidi, na waliokuwa wakicheza wanapoa bila kujua kwa nini.

Tuziangalie namba kidogo, maana zinaeleza mengi. Uzi wa E kwenye besi ya nyuzi nne, ukipigwa wazi, unatikisika mara 41 na ushei kwa sekunde, yaani Hz 41. A ni Hz 55, D ni 73, G ni 98. Wenye nyuzi tano, B yenu iko karibu na Hz 31. Sikio la binadamu linaanza kushika sauti karibu na Hz 20, kwa hiyo chini yetu hakuna nafasi kubwa. Gitaa la kawaida, uzi wake mnene unaanzia Hz 82, oktavu nzima juu ya wetu. Pedali nyingi za ovadraivu na fazi, efekti zinazokwaruza sauti hadi ingurume (ndiyo distosheni), zilibuniwa kwa ajili ya gitaa hilo, na wabunifu wake walipunguza masafa ya chini kwa makusudi, kwa sababu yakiingia mengi kwenye distosheni yanavuruga kila kitu. Kwa gitaa walifanya sawa. Lakini saketi hiyohiyo ikiigwa na kuwekwa ndani ya multiefekti yako, inakuja na tabia zake zote, na ya kwanza ni kukunyang'anya kazi uliyoajiriwa kuifanya.

Sikilizeni. Hii ni E wazi, safi, bila kitu. Sasa nakanyaga fazi peke yake. Mnaisikia inavyonguruma? Kwenye spika ndogo mtu angesema imekuwa kubwa zaidi. Wekeni mikono kifuani. Ule mtikisiko uliokuwepo sasa hivi umeondoka. Kilichobaki ni kelele za juu zinazotuambia tu kwamba kuna besi mahali fulani. Sasa naichanganya na sauti safi, nusu kwa nusu. Imerudi, na mngurumo upo palepale.

Jambo hili si geni. Mwaka 1965, Beatles waliporekodi "Think for Yourself" katika albamu ya Rubber Soul, Paul McCartney alipiga sehemu mbili za besi: moja ya kawaida na nyingine iliyopitishwa kwenye fazi. Ukiusikiliza wimbo ule kwa makini utasikia fazi ikifanya kazi ya gitaa, ikijibizana na mwimbaji, huku besi ya kawaida ikibeba wimbo chini yake. Wao walihitaji kurekodi mara mbili. Sisi tuna kifaa kimoja chini ya mguu kinachoweza kufanya yote mawili kwa pamoja, na bado wengi wetu tunakitumia kama mlolongo mmoja, kila efekti ikimeza yote yaliyotangulia.

Kwa hiyo hebu tupange pamoja mpangilio mmoja wa ovadraivu, yaani seti moja ya efekti iliyohifadhiwa kwenye kifaa, polepole, hatua kwa hatua.

Anza na mpangilio mtupu. Usianze na ule wa kiwandani wenye jina la kutisha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: mipangilio ya kiwandani mara nyingi hutengenezwa ikufurahishe katika dakika ya kwanza ukiwa peke yako na hedifoni, ndiyo maana imejaa riveba (mwangwi wa ukumbi), korasi (ala moja isikike kama kadhaa) na masafa ya juu yanayong'aa. Ukiiingiza kwenye bendi inayeyuka. Ipitie ili ujue kifaa kinaweza nini, kisha ifute.

Kwenye mpangilio mtupu, gawa njia mbili. Vifaa vingi vya leo vina uwezo huo, na vingine vinakuruhusu kugawa kwa masafa, yaani yaliyo chini ya kiwango fulani yaende huku na yaliyo juu yaende kule. Weka mpaka karibu na Hz 200 au 250. Njia ya chini iache safi, na kompresa kidogo tu, ile efekti inayobana noti kubwa zikaribiane na ndogo. Njia ya juu weka ovadraivu, na gaini yake, yaani kiasi cha mngurumo, iwe ndogo kuliko unavyotamani. Kisha ziunganishe na uongeze njia ya juu taratibu kutoka sifuri hadi uanze kuihisi. Simama hapo. Ukiendelea hadi uisikie waziwazi ukiwa peke yako chumbani, pengine ndicho kiwango kitakachofaa kwenye bendi, lakini hilo utaliamua ukiwa nao, na nitalirudia.

Sasa kuna mtego ambao hauonekani kwenye skrini. Njia mbili zikifika zimepishana, hata kwa muda mdogo mno, zinafutana kwenye baadhi ya masafa. Ndani ya kifaa kimoja, kwa kawaida programu hujitahidi kuzipanga zifike pamoja. Tatizo linakuja ukipeleka njia moja nje, labda una pedali yako ya fazi unayoipenda, ukairudisha ndani. Sauti hiyo inageuzwa mara mbili zaidi, kutoka dijitali kwenda analogi na kurudi, na inachelewa. Ikichelewa milisekunde 2, masafa ya Hz 250 yanafika yakiwa yamepinduka na kufuta yale ya njia safi. Besi inasikika ina tundu katikati na hujui limetoka wapi. Kuna pedali nyingine hupindua wimbi zenyewe, na hapo tundu linakuwa chini kabisa, pabaya zaidi. Dawa yake ni rahisi: tafuta kwenye menyu mahali pa kupindua wimbi la njia moja, piga E wazi, pindua, rudisha, pindua tena. Chagua upande ambao noti imejaa. Usiangalie maandishi yanasema nini, sikiliza.

Kama kifaa chako hakigawi njia, tafuta kitufe cha kuchanganya sauti safi ndani ya efekti yenyewe. Distosheni zilizobuniwa kwa besi kwa kawaida huwa nacho. Kama hakipo kabisa, chagua distosheni laini, na baada yake weka ekwalaiza, efekti ya kupandisha na kushusha masafa, urudishe kidogo masafa ya Hz 80 hadi 100. Si sawa na kugawa njia, lakini inasaidia.

Kompresa nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu ndiyo efekti inayotumiwa na wapiga besi wengi kuliko zote na ndiyo inayoeleweka kidogo kuliko zote. Wimbi moja la E wazi linachukua milisekunde 24 kukamilika. Liwekeni akilini. Ukiiambia kompresa iachie haraka, tuseme kwa milisekunde 10 au 20, inaanza kupanda na kushuka ndani ya wimbi lenyewe. Haidhibiti tena nguvu za vidole vyako. Inalikata umbo wimbi la noti, na hiyo ni distosheni. Mtu anabadilisha nyuzi, anabadilisha waya, anafikiri pikapu imeharibika, kumbe ni namba moja tu kwenye menyu. Kwa besi, acha muda wa kuachia uwe milisekunde 100 au zaidi. Muda wa kuanza kubana uwe 20 hadi 40, ili ule mgongano wa kidole na uzi upite kabla kompresa haijashika. Ukiubana ule, noti zako zote zitaanza kwa uvivu na mpiga drams atadhani umechelewa. Uwiano wa kubana wa nne kwa moja unatosha kwa kazi nyingi. Kisha shusha kizingiti, yaani kiwango ambacho kompresa inaanza kubana, hadi kipimo kioneshe desibeli 3 au 5 zinapunguzwa pale unapopiga kwa nguvu zaidi, na isiguse kabisa unapopiga taratibu.

Mfuatano wa efekti unafuata akili hiyohiyo ya kujiuliza kila moja inahitaji kula nini. Filta inayofunguka kwa nguvu ya kidole, ile inayofanya besi itamke "wau", inahitaji kujua umepiga kwa nguvu kiasi gani. Ukitanguliza kompresa, umeinyima habari hiyo: kila noti inafika sawa na filta inafunguka vilevile kila mara. Msikilizeni Bootsy Collins, mpiga besi wa funk wa Marekani, na Mu-Tron III, pedali yake ya filta ya aina hiyo: mkono wake ndio unaoamua kila sauti ifunguke vipi. Kwa hiyo filta hiyo iwe mwanzoni. Okteva, efekti inayoongeza sauti ya oktavu moja chini ya noti yako, nayo inahitaji noti moja, safi, isiyo na distosheni wala korasi, ili iweze kuhesabu mawimbi na kuyagawa kwa mbili. Iwe mwanzoni pia. Halafu kompresa, halafu ovadraivu, halafu ekwalaiza, halafu korasi, halafu dilei, ile inayorudia sauti kama mwangwi. Si sheria. Ukiigeuza kwa sababu unayoijua, geuza.

Juu ya okteva, hesabu tena. Oktavu moja chini ya E wazi ni Hz 20 na nusu. Spika nyingi haziwezi kuitoa, na zikijaribu zinapoteza nguvu ya ampu bure huku koni ikienda mbele na nyuma bila kutoa sauti ya maana. Okteva ipigwe juu: anzia D ya uzi wa A, nafasi ya tano, uende juu. Hapo sauti iliyoongezwa inakuwa karibu Hz 37, na hiyo inasikika.

Na kwa sababu hiyohiyo, mwisho wa kila mpangilio weka filta inayokata masafa yaliyo chini ya Hz 30, au 35 kwa besi ya nyuzi nne. Inaonekana kama napingana na nilichosema mwanzo. Sipingani nacho. Kule chini hakuna noti. Kuna mitikisiko ya mkono ukigonga besi, na mabaki ya efekti. Yakiondoka, noti ya chini inapata nguvu yote ya ampu peke yake.

Korasi na dilei zipitishe kwenye masafa ya juu tu, juu ya Hz 200 au zaidi, kwa njia ileile ya kugawa. Dilei ipangiwe tempo kwa kugonga mguu: kwenye mapigo 120 kwa dakika, robo ni milisekunde 500. Riveba kwenye besi mimi naona ukumbi unakupa ya kutosha.

Sasa nirudi kwenye lile la bendi, ambalo naliona zito kuliko haya yote.

Mwaka 1933 watafiti wawili wa Bell Labs nchini Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vinavyoonesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo inabadilika kadiri sauti inavyopanda. Sauti ikiwa ndogo, sikio linakuwa zito kwa masafa ya chini. Ikipanda, linayasikia karibu sawa na mengine. Maana yake kwetu ni hii: ukikaa usiku unapanga mipangilio yako kwa sauti ndogo ili usiwaamshe watu, utaona besi ni nyembamba, utaongeza Hz 80, utaongeza tena, hadi iwe tamu. Kesho jukwaani, sauti ikiwa juu, ile nyongeza inakuwa mzigo. Noti zinagandana, kiki inazama, na fundi sauti anakukata masafa ya chini kwenye mikisa kwa haki kabisa. Hapo umeipoteza noti ya chini kwa kuipenda kupita kiasi.

Kwa hiyo nyumbani tengeneza muundo: njia, mfuatano wa efekti, swichi. Maamuzi ya ekwalaiza na ya viwango vya sauti yafanyeni mazoezini, bendi nzima ikipiga, kwa sauti mtakayopigia. Simama mbali na ampu yako uwezavyo. Waya ukiwa mrefu, bora. Anza na mpangilio safi, ndio uwe kipimo. Kisha badilisha kwenda wenye ovadraivu katikati ya wimbo na umuulize mwenzako, usijiulize wewe: besi imepanda, imeshuka, au imebaki? Usiamini kipimo cha kwenye skrini. Sauti iliyojaa distosheni imeshabanwa, kwa hiyo kipimo kinaweza kusema iko sawa na ile safi huku masikioni imetoweka nyuma ya magitaa. Ikitoweka, kabla ya kuongeza sauti jaribu kuongeza masafa ya kati, Hz 700 hadi 900. Hapo ndipo besi inapotambulika kama besi kwenye kelele nyingi. Peke yake inasikika kama mtu anaongea puani. Ndani ya bendi ndiyo inayokupa nafasi yako. Wapiga besi wanaochonga tabasamu kwenye ekwalaiza, chini juu, juu juu, katikati shimo, ndio haohao wanaolalamika kwamba hawasikiki.

Mkibadilisha ukumbi, msiguse mipangilio yenu. Vifaa vingi vina ekwalaiza ya jumla inayoathiri mipangilio yote kwa pamoja. Ukumbi unavuma? Punguza pale, piga shoo, kisha irudishe sifuri. Mtu anayehariri kila mpangilio kwa ajili ya kila ukumbi, baada ya muda hajui tena sauti yake ni ipi.

Kuhusu unapochomeka. Ukienda kwenye ampu yenye spika zake, zima mfano wa kabineti, yaani ile sehemu inayoiga sanduku la spika, ndani ya multiefekti. Usipouzima, sauti inapita kwenye kabineti mbili na inakuwa kama imefunikwa blanketi. Ukienda moja kwa moja kwenye mikisa, uwashe. Ukienda kote kuwili kwa wakati mmoja, tazama kama kifaa chako kinaruhusu kuuweka kwenye njia ya kwenda mikisa tu. Mwambie fundi sauti unampa nini, na muulize kama umeme wa volti 48 wa maikrofoni umezimwa kwenye chaneli yako, kwa sababu si kila kifaa kinauvumilia. Ukisikia mlio wa mmm, tafuta swichi ya kutenganisha ardhi kabla hujaanza kulaumu waya. Na wenye besi zenye betri, hakikisheni hamlijazi ingizo la kifaa hadi sauti inapasuka: kama kuna swichi ya kupunguza, itumieni, kwa maana distosheni inayotokea pale mlangoni haiondoki mahali pengine popote.

Niseme juu ya mguu, halafu tuchomeke vyombo.

Kuna namna mbili za kukanyaga. Ya kwanza ni kuhama kutoka mpangilio hadi mpangilio. Shida yake ni kwamba kwenye vifaa vingi kuna pengo dogo la ukimya kifaa kinapopakia mpangilio mpya, na mkia wa dilei unaweza kukatika. Mpiga solo anaweza kulificha pengo hilo. Sisi tunahama kutoka ubeti kwenda kiitikio kwenye pigo la kwanza, palepale ambapo kila mtu anaisubiri noti yetu. Namna ya pili ni mpangilio mmoja wenye efekti zote unazohitaji kwa wimbo, nawe unawasha na kuzima moja moja, au unatumia picha za hali zilizohifadhiwa, ambapo kanyago moja linabadilisha efekti kadhaa na viwango vyake bila kupakia upya. Kama kifaa chako kina hiyo ya pili, itumie. Mipangilio michache, tuseme safi, ovadraivu, ile ya okteva na filta, na mmoja wa nyimbo za polepole, inabeba onyesho zima. Ipe majina ya kazi yake, mafupi, yanayosomeka ukiwa umesimama kwenye mwanga mbaya. Ipange kwa namna ambayo ule safi uko chini ya mguu daima, kanyago moja tu kutoka popote ulipo. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

Pedali ya kuegemea mguu, ile wengi wanaiacha iwe ya sauti tu, jaribuni kuiunganisha na kiasi cha ovadraivu kwenye njia ya juu. Kisigino chini, besi safi. Vidole chini, ovadraivu yote. Lakini weka mipaka: isifike asilimia 100, ifike pale mlipokubaliana mazoezini. Mtajikuta mnaujenga wimbo kuelekea kiitikio kwa mguu, na noti ya chini haijasogea hata kidogo.

Na kabla ya kusasisha programu ya kifaa, hifadhini mipangilio yote kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Baadhi ya masasisho yanafuta kila kitu, na onyo lake liko kwenye maandishi madogo ambayo wachache huyasoma.

Basi tuchomeke. Naomba mwenye besi ya nyuzi tano aanze, apige B wazi kwa nguvu zake za kawaida, nami nitaisogeza filta ya chini kutoka Hz 20 kwenda juu taratibu. Inueni mkono pale mnapoona noti imeanza kupungua.